Chini ya Tundu la Hondohondo

Kila tulipokutana aliniuliza swali lile lile, na kila mara nilimjibu uongo.

"Miche yako haijambo?"

"Haijambo, Fundi."

Basi, yameisha. Aliniuliza kisiwani nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Aliniuliza siku niliyorudi kutoka chuo cha ualimu na viatu vyangu vya kisigino. Aliniuliza hata siku ya harusi yangu, amesimama mbele ya bwana harusi na koti lake linalonuka mafuta ya msumeno, na mume wangu akadhani mzee huyu alinipa miche ya kahawa nikaacha ikauke. Watu wakacheka. Nami nikacheka, cheko la meno bila tumbo.

Nilimwita Fundi kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mpasua mbao kwenye kisiwa chetu, kimoja cha vile visiwa vya Muleba unavyoviona ziwani mvua ikikatika. Baba yangu alikuwa mwenzake wa kazi. Kupasua mbao kwa mkono hakumtaki mtu mmoja. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake akiuongoza msumeno ufuate mstari, mwingine yumo shimoni anavuta, unga wote unamwagikia usoni. Fundi alikuwa wa juu, baba alikuwa wa chini. Walivuta msumeno mmoja miaka kumi na minne. Nikisema walikuwa kama ndugu nitawapunguzia, maana ndugu ninaowajua mimi wanapelekana barazani kwa ajili ya mpaka wa migomba.

Niliyewatenganisha ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyenishuku, au ndivyo nilivyojidanganya. Maneno yalikuwa machache tu, ya kumwambia Fundi na kumwambia baba, na sikuyasema mpaka nikawa na mvi. Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe, na msimdhanie malaika, maana hakuwa.

Aliogopa ziwa. Mtu kaishi kisiwani ujana wake wote, na hakujua kuogelea hata hatua mbili! Akivuka kwenda Muleba aliketi chini kabisa ndani ya mtumbwi, macho kayafumba, rozari mkononi, na wavuvi walikuwa wakiutikisa mtumbwi makusudi ili wamsikie akiwatukana kwa Kihaya. Jumapili baada ya misa alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka mkewe akamfuate na fimbo. Nyani aliwachukia, akawatupia mawe na kuwaita walinzi wa misitu, na walinzi wa misitu wakija aliwaita nyani, lakini kwa sauti ndogo. Chatu hakumgusa. Alimkuta mmoja amejiviringisha shimoni, kwenye shimo la kazi, akamwambia baba warudi nyumbani, leo nafasi ya wa chini imepata mtu. Siku mbili hawakufanya kazi, wanangoja chatu aondoke kwa hiari yake, na mwenye mbao anapiga kelele ufukweni.

Kwa maneno alikuwa bahili. Kwa chai alikuwa mfujaji, vijiko vitano vya sukari, na ole wako mkewe asikie ukivihesabu.

Msitu wetu haukuwa mkubwa. Ulianzia nyuma ya nyumba ya mwisho ukateremka hadi majini upande wa pili, lakini ndani yake ulikuwa na giza la saa sita mchana. Mvua za huku kwetu mnazijua. Chini kulikuwa na unyevu mwaka mzima, majani yanaoza, siafu wanapita, na mizizi ya mitini imeikumbatia miti mingine mpaka mti wa ndani ukafa na mtini ukabaki umesimama wenyewe, ndani mtupu. Kulikuwa na mivule. Kulikuwa na mihumula, ile miti mirefu iliyonyooka ambayo mbao zake wavuvi walizipenda. Kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu walilala huko, na popo wa matunda walining'inia mpaka matawi yakapinda. Kwenye mafunjo ya ukingoni walikuwako nzohe, swala wa majimaji, ambao hukuwaona ila ulisikia tope likinyonya miguu yao.

Na hondohondo. Wale wakubwa, weusi na weupe, wenye pembe juu ya mdomo. Akiruka, unasikia bawa lake kabla hujamwona, fwuu, fwuu, kama mtu anakung'uta mkeka.

Fundi aliwapenda hao, na sijui kama niseme aliwapenda au aliwaheshimu kama mtu anavyomheshimu mwenye nyumba. Siku moja alitupeleka, watoto wanne watano, tukakaa chini ya mti mmoja na kunyamaza. Dume akaja. Akashika gome, akatoa tunda kooni, akalipenyeza kwenye ufa mwembamba juu kule. Akatoa jingine. Na jingine.

"Anampa nani?" nikauliza.

"Mke wake. Yumo ndani. Mlango ameuziba mwenyewe kwa tope na mavi yake, ameacha ufa tu wa kupokelea chakula. Miezi mitatu, minne, hatoki. Anatoka na mtoto."

"Na mumewe akifa?"

"Basi." Akatema mate. "Mzazi ana imani kubwa, mwana wange."

Mzazi. Ndivyo alivyomwita, kama tunavyomwita mwanamke aliyejifungua juzi na hatoki nje. Na sheria yake ilikuwa moja, hata angekuja mkubwa gani na kibali gani: mti wenye mzazi haukatwi. Tundu liko juu mno, majani yamelifunika, nani ataliona? Yeye hakutazama juu. Alitazama chini. Hondohondo akila hutema mbegu, na mke huzisukuma nje kupitia ufa, zinarundikana shinani. "Macho yanadanganywa na majani," alikuwa akisema. "Ardhi haidanganyi." Mbegu mbichi juu ya miche midogo, mzazi yumo. Miche mirefu na mbegu zimekauka, ameshatoka. Ardhi tupu, hakuingia. Alichutama, akageuza mbegu kwa kidole, akazitaja, huu mtini, huu muhumula, hizi zimetoka upande wa pili wa kisiwa. Kwa urefu wa miche alikuambia mzazi ameingia mwezi gani.

Alisema pia jambo ambalo leo nalifundisha darasani kana kwamba ni langu. Popo na ndege wadogo hubeba vimbegu vidogo. Mbegu kubwa inamtaka mwenye koo kubwa. Hondohondo akiisha, muhumula mzee ukianguka hauachi mrithi. Alilisema huku ananoa msumeno kwa tupa, kesho yake aende kuangusha muhumula. Nilipomwuliza mbona basi anaikata, alinitazama kana kwamba nimemvua shati. Akasema watoto wake pia wana makoo.

Sasa nifike pale.

Shuleni kwetu walikuja kututangazia kwamba wageni wa mradi wa miti watatutembelea. Mwalimu mkuu akaamuru kila mtoto alete miche kumi ya asili na kopo la mbegu. Wenzangu walitawanyika msituni kutwa nzima, wanarudi na magugu, wanachapwa. Mimi nilikuwa na akili, ile akili mbaya ya njia ya mkato. Nilikuwa nimejifunza kusoma ardhi. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeuona muhumula mmoja karibu na njia ya shule, chini yake miche kadhaa imechipua kama mchicha, na mbegu mbichi juu. Sikumwambia mtu. Nilikusudia kumwonyesha Fundi Jumapili ile, nijisifu.

Ijumaa asubuhi nikapita pale na kijiti. Nikang'oa miche kumi, haukubaki hata mmoja. Mbegu nikazikomba kwa viganja, zote, mpaka udongo mweusi ukabaki umelala wazi kama kitanda kilichoondolewa shuka. Nikakimbia shule. Nikapata sifa, nikasimamishwa mbele.

Saa nne ikanyesha. Mvua ilipokatika, Fundi na baba wakaja kwenye mti ule ule. Mjenzi wa mitumbwi alikuwa ameshapanga mbavu za mtumbwi wake, anangoja mbao, na alikuwa ameuona muhumula ule umenyooka akawaelekeza. Yaliyopita kati yao nimeyajua kwa baba, aliyeyasimulia maisha yake yote.

Fundi alichutama. Ardhi tupu. Vishimo kadhaa vimejaa maji, akadhani vimechimbwa na matone makubwa ya mvua kutoka matawini. "Hakuingia," akasema.

Baba akasema, "Ngoja. Nimesikia bawa."

"Wewe masikio yako yamejaa unga wa mbao. Ardhi ni tupu."

"Nimesikia bawa, bwana!"

"Shika msumeno."

Tukiwa darasani tulisikia mti ukilia, kisha kishindo. Watoto wakishasikia mti unaanguka hushangilia, ndivyo tulivyokuwa. Darasa zima likapiga makofi. Nami nikapiga makofi.

Saa nane nilipopita njiani niliwakuta. Tundu lilikuwa limepasuka ubavuni mwa gogo. Kinda alikuwa amepondeka, hata manyoya hayajajaa. Mama alikuwa hai. Bawa moja limevunjika, anatembea ardhini, anatembea tu, anawaendea wale wanaume na kurudi, kwa kuwa hakujua pa kwenda. Baba alikuwa amekaa chini analia waziwazi, na sikuwahi kumwona baba akilia. "Nilikuambia," anasema. "Nilikuambia nimesikia bawa." Fundi alikuwa kando kidogo, karibu na kisiki, amepiga magoti, vidole vyake udongoni. Nilidhani anasali. Nikaondoka bila kusema neno.

Fundi alimchukua yule jike ndani ya koti lake, akamtia kwenye kitundu cha kuku, na mimi, mawe, mama yangu! mimi ndiye niliyetumwa kuokota matunda ya mtini. Nikaokota. Nikapeleka. Hakumeza. Alikufa siku ya tano. Na dume alikuwa akija bado, asubuhi na jioni, amejaza koo. Alifika pale hewani palipokuwa na tundu, akageuka, akageuka, kisha akatua mti wa jirani na kutema matunda moja moja chini. Niliyaona kwa macho yangu, yamerundikana, mazuri, hayana wa kuyala. Baada ya wiki hakuja tena.

Siku ya nne baada ya mti kuanguka, Fundi alikuja kwetu. Baba hakutoka chumbani. Fundi akasimama uani, akaniangalia, akaniuliza:

"Miche yako haijambo?"

Miche yangu ilikuwa imepandwa kwa mstari mbele ya ofisi, na chokaa kwenye mawe. Wageni walikuja, wakaipiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeimwagilia. Mwisho wa mwezi mbuzi wa jirani walimaliza vijiti vilivyobaki. Lakini siku ile ilikuwa bado imesimama, nikasema haijambo, na huo ndio ulikuwa ukweli wangu wa mwisho kwenye swali lile.

Baba hakushika tena msumeno naye. Kule kwenye rubisi, kwenye misa, popote, alisema: yule amekata mzazi, nilimwambia, hakusikia. Na wa juu bila wa chini ni nini? Amesimama juu ya gogo na mpini. Fundi alijaribu vijana wawili, wakamshinda. Baba naye akaingia kukausha samaki kwa moshi, na mnajua moshi ule unakula kuni kiasi gani. Msitu uliokuwa ukiangushwa mti mmoja mmoja kwa kuchaguliwa, ukaanza kukatwa bila kuangaliwa chini wala juu. Mwaka juzi nilivuka nikauone. Mabati, jenereta, dagaa wameanikwa mchangani mpaka mlangoni mwa kanisa. Umebaki ukanda mwembamba bondeni. Nilikaa humo saa nzima nikisikiliza bawa. Nilisikia redio.

Sisemi ni mimi niliyeumaliza msitu. Nasema nilikuwa na neno la kuwarudisha watu wawili kwenye gogo moja, nikalikalia. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa aibu. Mwishoni niliona mambo yamekuwa ya kale, yataamsha nini? Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu huyo mjukuu alikuwa ameshaota meno.

Baba alirudi Ijumbi kwenye kibanja cha babu yake, akalima kahawa, akafa huko. Usiku mmoja kabla hajafa aliniambia kitu kimoja tu juu ya Fundi: "Angekuja tu akaniambia alikosea." Nilikuwa nimemshika mkono. Hata hapo sikusema. Mwalimu wa watu!

Fundi alikuja mazikoni, amevuka ziwa na rozari yake, mkavu kama kijiti. Alisimama nyuma kabisa kwenye migomba. Zamu yake ilipofika akatupa udongo kaburini, akapita mbele yangu, akasimama.

"Miche yako haijambo?"

Mazikoni! Shangazi yangu akanong'ona kwamba uzee umemwingia kichwani.

"Haijambo, Fundi," nikasema.

Msimu wa senene uliopita nikasikia kwamba yuko Rubafu kwa bintiye, na haoni tena. Mimi nafundisha Izimbya. Nilikaa na habari hiyo siku tatu, ya nne nikapanda bodaboda. Binti yake alinipokea na beseni la senene, panzi wetu wa kuliwa, mapajani, anawanyonyoa mabawa.

"Karibu waitu. Yuko nyuma. Kaa kuliani kwake, sikio la kushoto limekufa."

Alikuwa kwenye benchi chini ya upenu, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, fimbo kati ya magoti. Nikakaa kuliani.

"Shumalamu, tata," nikamwamkia, kama mtoto anavyomwamkia baba.

Akainua kidevu. "Binti wa wa chini."

"Ndiye."

"Umeona nini njiani?"

"Mikaratusi. Bodaboda."

"Mh." Nilikuwa nimepanga maneno tangu Izimbya, nimeyapanga vizuri kama andalio la somo, na yote yalikuwa yamekimbia. Nikaanza kuuliza habari za miguu yake. Akaniacha nimalize.

"Miche yako haijambo?"

Haijambo ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikaizuia.

"Ilikufa, tata. Yote. Ilikufa mwezi ule ule. Niliing'oa chini ya ule muhumula wa njia ya shule, asubuhi ile, na mbegu nikazikomba. Ardhi haikuwa tupu. Niliifanya tupu mimi."

Hakushtuka. Alikuwa anasugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba.

"Ilikuwa mingapi?"

"Kumi. Kila mtoto aliambiwa kumi."

"Kumi na mmoja," akasema.

Nikakumbuka. Mmoja ulinikatikia mkononi, nikautupa.

"Mashimo yalikuwa kumi na moja," akasema. "Niliyahesabu kwa vidole, yana maji ndani. Na kisigino kidogo kando. Baba yako analia, hakuona."

"Ulijua." Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. "Ulijua siku ile ile. Kwa nini hukumwambia?"

"Baba yako siku ile? Angekuvunja mgongo. Nikasema mtoto atasema mwenyewe, hasira zikishapoa. Nikaja kwenu nikakuuliza. Ukasema haijambo. Nikakuuliza tena."

Nilianza kulia, na nilijichukia kwa kulia mbele ya mtu asiyeona. Nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe.

"Kwa lipi? Mti nilikata mimi. Mwenzangu alisikia bawa, nikamwambia ana unga masikioni. Hilo ni langu, nitakwenda nalo." Akatafuta kichwa changu kwa mkono, akakigusa, akauondoa. "Lakini hili jibu lako la leo si langu. Lilikuwa la baba yako."

Binti yake akaleta kahawa na sahani ya senene waliokaangwa. Tukala, au yeye alikula. Alitaka sukari zaidi, akapewa, akataka tena. Nikaambiwa nisichelewe gari la mjini, mawingu yanakusanyika.

Nikasimama kuaga. Tangu nina miaka kumi na mmoja hatukuwahi kuagana bila swali lake, nami nikasimama pale nikilingoja, nikijua sasa jinsi ya kulijibu.

"Nakwenda, Fundi."

Alikuwa ameshageuka kwenye benchi, sikio la kushoto, lile lililokufa, upande wangu.